Nywila moja kwa ofisi nzima: nani alibadilisha kilo za mkulima?

Swali lilifika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Natunza mfumo wa kompyuta wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Moshi. Tuna makarani wanne wa mizani, mhasibu, mtunza stoo na meneja. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, na tangu isakinishwe wote tunaingia kwa akaunti ya postgres yenye nywila moja. Msimu uliopita mkulima alikuja na stakabadhi ya kilo 64, kwenye mfumo zikaonekana 46. Hatukujua nani alibadilisha. Karani mmoja akaondolewa kwenye mizani na mpaka leo hajarudi. Baada ya hapo nilijaribu kugawa ruhusa. Nikampa karani mwingine ruhusa ya kuandika mapokezi, akaingiza kilo, mfumo ukamkatalia na kutaja kitu kinaitwa sequence. Foleni ya wakulima ilikuwa imeshafika barabarani, nikarudisha nywila ya zamani. Nianzie wapi kabla msimu haujafunguliwa?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kompyuta, tumzungumzie huyo karani.

Chukua 64, toa 46. Inabaki 18. Wahasibu wa enzi za daftari kubwa walitufundisha kwamba hesabu mbili zikipishana kwa kiasi kinachogawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, shuku kwanza tarakimu zilizopinduliwa. 18 inagawanyika. Huo si ushahidi kamili, maana tofauti ya namna hiyo inaweza kutokea kwa njia nyingine pia, lakini inatosha kuuliza swali ambalo ofisi yenu haikuuliza: je, kuna aliyebadilisha kitu kweli? Inawezekana kabisa kwamba jioni ile mtu aliisoma stakabadhi ya 64, kidole kikatangulia kwenye 4, ikaandikwa 46 tangu mwanzo na isiguswe tena.

Huwezi kujua. Wote mnaingia kwa jina moja, na wote mna uwezo wa kuandika, kubadilisha na kufuta. Mstari ule wa kilo 46 hauwezi kumtia mtu hatiani wala kumsafisha. Watu wengi wanadhani kugawa ruhusa ni dalili ya kutowaamini wafanyakazi. Mimi naamini kinyume chake kwa moyo wote: ruhusa zikigawanywa vizuri, anayenufaika kwanza ni mfanyakazi mwaminifu, kwa sababu ana mahali pa kusimama na kusema, "Hilo mimi sina uwezo wa kulifanya, angalieni wenyewe."

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja hapa Arusha ambako keshia alikuwa amesimamishwa kwa sababu malipo yalikuwa yanageuka sifuri. Nywila ya hifadhidata ilikuwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu pembeni ya kioo cha kompyuta yake, wino umefifia kwa kushikwashikwa. Kila aliyepita pale aliiona. Tulikaa siku mbili tukisoma programu mpaka tukakuta kazi ya usiku, ile ya kufunga hesabu, ndiyo iliyokuwa ikiandika sifuri juu ya malipo ambayo hayajathibitishwa. Yule dada alikuwa ameshakaa nyumbani wiki sita. Tangu siku hiyo siwezi kuliona suala la ruhusa kama jambo la mafundi peke yao.

Sasa tuingie kazini. Usianze na amri. Chukua daftari, kaa na kila mtu pale pale anapofanyia kazi, mwulize anagusa nini kuanzia asubuhi mpaka anapofunga. Usimwulize anataka ruhusa gani, maana atakwambia zote. Karani wa mizani anatafuta namba ya mwanachama, anaona jina, anaandika kilo na namba ya stakabadhi. Basi. Hahitaji kuona namba ya simu ambayo mkulima analipiwa, hahitaji kufuta, wala hahitaji kubadilisha kilo za jana. Mhasibu anasoma mapokezi na kuandika malipo. Hayo yakishakaa kwenye karatasi, nusu ya kazi imekwisha.

Utaona daftari lako linazungumzia kazi, halizungumzii watu. Na hifadhidata ifuate hivyo hivyo. Ruhusa mpe wadhifa, kisha mtu mpe wadhifa. Kwenye PostgreSQL, tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005, mtumiaji na kundi ni kitu kimoja kinachoitwa ROLE. Tofauti ni kwamba mmoja amepewa uwezo wa kuingia, yaani LOGIN, na mwingine hana. Kwa hiyo tengeneza wadhifa usioweza kuingia, uupe ruhusa (SELECT ni kusoma, INSERT kuandika mstari mpya, UPDATE kubadilisha, DELETE kufuta):

CREATE ROLE karani NOLOGIN;
GRANT SELECT ON mapokezi TO karani;
GRANT INSERT (mwanachama_id, kituo, stakabadhi, kilo) ON mapokezi TO karani;
GRANT USAGE ON SEQUENCE mapokezi_id_seq TO karani;

Mstari wa mwisho ndio uliokukwamisha. Safu ya id kwenye jedwali lako bila shaka ilitengenezwa kwa aina ya serial, na nyuma ya serial kuna kihesabio, ndiyo hiyo sequence, kinachotoa namba inayofuata. Kihesabio hicho ni kitu kinachojitegemea na kina ruhusa zake. Wewe ulimpa karani daftari la kuandikia ukasahau kumpa ruhusa ya kuchukua namba. Hukukosea sana, kila mmoja wetu amewahi kupigwa hapo. Majedwali mapya yatengeneze kwa GENERATED ALWAYS AS IDENTITY, njia iliyoletwa na toleo la 10 mwaka 2017. Hiyo haidai ruhusa ya pembeni kwa kihesabio.

Kisha watu:

CREATE ROLE jina_lake LOGIN;
GRANT karani TO jina_lake;

Nywila usiiandike ndani ya amri, kwa sababu inaweza kubaki kwenye historia ya psql, dirisha la kuandikia amri za PostgreSQL, au kwenye kumbukumbu za seva. Tumia \password jina_lake, na ikiwezekana mwenye akaunti akae mwenyewe kwenye kibodi aiandike, wewe ukiangalia ukutani. Kila mmoja na yake. Vibarua wa msimu nao wapewe majina yao, wasitumie jina la karani wa kudumu "kwa wiki mbili tu".

Tazama tena ile amri ya INSERT. Nimetaja safu nne kwenye mabano, na nina sababu. Nataka kila mstari ujue nani aliuandika bila kumtegemea mwandishi aseme ukweli. Ongeza safu mbili, aliyeingiza na muda, zijazwe na hifadhidata yenyewe:

ALTER TABLE mapokezi ADD COLUMN aliyeingiza text, ADD COLUMN muda timestamptz;
ALTER TABLE mapokezi ALTER COLUMN aliyeingiza SET DEFAULT session_user, ALTER COLUMN muda SET DEFAULT now();

Zifanye kwa hatua mbili kama nilivyoziandika. Ukiongeza safu pamoja na DEFAULT kwa pigo moja, mistari yote ya zamani itajazwa jina la aliyeendesha amri, yaani wewe, na utakuwa umejitwisha kilo za msimu mzima. Na kwa kuwa karani ameruhusiwa safu nne tu, hata akijaribu kuandika jina la mwenzake kwenye aliyeingiza atakataliwa, na akiiacha safu hiyo hifadhidata itaweka jina aliloingilia. Nimechagua session_user na kuiacha current_user kwa makusudi. Hiyo ya pili hubadilika mtu akivaa wadhifa mwingine kwa SET ROLE, au akiwa ndani ya kitendo kinachoendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki wake. Session_user haibadiliki kwa hayo, inabaki na jina lililopita mlangoni.

Karani sikumpa UPDATE wala DELETE, na najua atakachokuja kulalamika: "Nikikosea je?" Mjibu kwa lugha ya ushirika. Stakabadhi iliyokosewa hatuifuti kwa ufutio, tunaandika nyingine inayoirekebisha na zote mbili zinabaki kwenye kitabu. Mkulima wa Kilimanjaro anazifahamu karatasi za ushirika kabla hata wewe na mimi hatujazaliwa, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, iliandikishwa mwaka 1933, na hakuna mzee atakayeshangaa ukimwambia kitabu hakifutwi. Tengeneza jedwali la marekebisho lenye namba ya mapokezi, kilo za kuongeza au kupunguza, sababu, na safu zile zile mbili zinazojijaza. Meneja ndiye mwenye INSERT humo. Kilo halali za mkulima ni mapokezi kujumlisha marekebisho, na mhasibu anasoma jumla hiyo.

Eneo ambalo ningelilinda kuliko yote ni namba ya malipo ya mwanachama. Kilo zikikosewa, mkulima analalamika kesho yake. Namba ya simu au ya akaunti ikibadilishwa, fedha zinaenda kwingine, naye anaweza kukaa muda mrefu akidhani mnada umechelewa. Anayelipa asiwe ndiye anayeweza kubadilisha namba. Karani msomeshe safu anazohitaji tu:

GRANT SELECT (id, namba, jina, kituo) ON wanachama TO karani;

na tengeneza wadhifa wa msajili wenye GRANT UPDATE kwenye safu ya namba_ya_malipo, pamoja na SELECT ya safu anazotafutia mwanachama, maana bila kusoma hawezi kuuchagua mstari wa kurekebisha. Mpe mtunza stoo, au yeyote asiyegusa malipo. Kwa ofisi ya watu saba ni kawaida mtu mmoja kushika nyadhifa mbili, na PostgreSQL haina shida na hilo. Angalia tu zisikutane mbili ambazo kwa pamoja zinamwezesha mtu kuanza na kumaliza malipo peke yake. Hapa pia weka triga, yaani kitendo kinachojiendesha chenyewe mstari ukibadilishwa, iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake, inayonakili namba ya zamani, mpya, session_user na muda kwenye jedwali la historia ambalo hakuna mfanyakazi mwenye ruhusa ya kuliandikia moja kwa moja.

Programu yenu ikianza kulalamika kwamba haina ruhusa kwenye wanachama ilhali umeitoa, tafuta ndani yake amri ya SELECT *. Nyota ile inaomba safu zote, na karani hakupewa zote. Andika majina ya safu.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wenye uzoefu. PostgreSQL haina amri ya kukataza. REVOKE huondoa kile ulichotoa mahali ulipokitoa, basi. Ukimpa karani SELECT ya jedwali zima halafu ukamwondolea safu ya namba_ya_malipo, hakuna kitakachobadilika, maana ruhusa ya jedwali inaifunika safu. Ukimwondolea mtu ruhusa ambayo kumbe anaipata kupitia wadhifa, au kupitia PUBLIC, yaani kila mtu, ataendelea kuwa nayo, na amri itakuitikia kana kwamba imefanya kazi. Kwa hiyo usiamini jibu la REVOKE. Piga \dp mapokezi kwenye psql usome nani ana nini, na \du (kuanzia toleo la 16, \drg) uone nani ni mwanachama wa nini.

Kwenye toleo la 14 kurudi nyuma, PUBLIC ana haki ya kutengeneza majedwali kwenye skima ya public, yaani chumba cha kawaida ambamo majedwali hukaa. Hilo lilibadilishwa kwenye toleo la 15 la mwaka 2022, lakini hifadhidata iliyopandishwa kutoka matoleo ya nyuma hubaki na ruhusa zake za zamani. Ondoa: REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC.

Hayo yote ni kazi bure kama programu itaendelea kuingia kwa postgres. Akaunti ile ni mkuu wa wakuu, haipitii ukaguzi wowote wa ruhusa. Majedwali yasiwe mali yake tena. Tengeneza wadhifa unaoitwa mmiliki, NOLOGIN, hamishia majedwali kwake kwa ALTER TABLE ... OWNER TO mmiliki, na wewe ukitaka kubadilisha muundo ingia kwa jina lako kisha SET ROLE mmiliki. Hapo pia ndipo utakapoweka ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE mmiliki, ili majedwali yajayo yazaliwe na ruhusa zake. GRANT ON ALL TABLES hugusa yaliyopo leo tu. Na usisahau hayo maneno FOR ROLE mmiliki, kwa sababu bila hayo amri inahusu majedwali utakayotengeneza kwa jina ulilonalo wakati huo, na utashangaa mwezi ujao karani haoni jedwali jipya.

Nywila ya postgres ibadilishwe. Ningeiandika kwenye karatasi, bahasha, saini ya meneja juu ya gundi, ndani ya sefu ya chama. Halafu fungua faili la pg_hba.conf, linaloamua nani aingie na kwa njia gani, utafute neno trust. Mstari wenye neno hilo unamruhusu anayelingana nao kuingia kwa jina lolote lililotajwa bila kuulizwa nywila, na mafundi wengi huliweka siku ya kusakinisha mfumo wakasahau kulitoa. Weka scram-sha-256, inayodai nywila. PostgreSQL hutumia mstari wa kwanza unaolingana na haiendelei kwenye wa pili, kwa hiyo trust ikiwa juu, uzuri wa mistari ya chini hausaidii.

Hukuniambia programu imejengwaje. Kama imewekwa kwenye kompyuta za ofisini na inaongea moja kwa moja na hifadhidata, kila mtu aingie kwa jina lake kama nilivyoeleza. Kama ni ya kivinjari, yenye seva katikati, hifadhidata itaona akaunti ya programu tu, na session_user itakuwa jina hilo moja kwa wote. Hapo programu lazima yenyewe iwe na orodha ya watumiaji na ipeleke jina la aliyeingia kwenye kila mstari, na akaunti yake ipewe jumla ya ruhusa za nyadhifa zote, bila DELETE na bila TRUNCATE, yaani kufuta jedwali zima kwa mkupuo, ambayo ni ruhusa tofauti na DELETE. Kinga inakuwa dhaifu kidogo kuliko ya kwanza, lakini haina ulinganisho na mlipo sasa.

Utasikia pia habari za kuzuia mstari kwa mstari, karani wa Kibosho asione mapokezi ya Machame. Ipo tangu toleo la 9.5, na ni nzuri. Ila wewe iache kwa msimu huu. Ukiiwasha bila kuweka sera, mistari hutoweka machoni pa watumiaji kimya kimya bila kosa lolote kuonekana, na nisingependa ujifunze hilo mbele ya foleni.

Karani akiondoka, piga ALTER ROLE jina_lake NOLOGIN siku hiyo hiyo. Kama ana dirisha lililofunguliwa, amri hiyo haimtoi, utamkata kwa pg_terminate_backend. Akaunti usiifute, ili jina lile lisije likapewa mtu mwingine na kuchanganya historia. Na nakala rudufu: pg_dump ya hifadhidata moja haibebi nyadhifa wala nywila. Chukua na pg_dumpall --globals-only, la sivyo siku mashine ikifa utarudisha kilo zote na kukuta hakuna mtu anayeweza kuzisoma.

Meneja akisita, mwambie pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na majina, namba za simu na akaunti za wakulima wenu ni taarifa binafsi. Chama kinawajibika kuzilinda.

Usifungue msimu bila kujaribu. Siku tulivu, chukua nakala ya hifadhidata kwenye kompyuta nyingine, ingia kwa akaunti ya karani, sio yako. Ingiza kilo za majaribio, zikubali. Jaribu kuzibadilisha. Jaribu kufuta. Jaribu kusoma namba ya malipo. Jaribu kuandika jina la mwenzio kwenye aliyeingiza. Mara nne unatakiwa uone permission denied, na makarani wote wanne wawe wamesimama nyuma yako wakiyaona maneno hayo, pamoja na yule aliyeondolewa, kama atakubali kuja.

Kisha mkisharudi kwenye mfumo wenyewe, peleka stakabadhi ile ya zamani kwa meneja. Bodi ikiikubali, aingie kwa jina lake na aandike mstari wa kwanza kabisa kwenye jedwali la marekebisho: kilo 18, na sababu yake, ili mkulima yule alipwe.